Koti la Harbin na Fedha za Zabibu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mkulima wa zabibu huku Mpunguzi, nje kidogo ya mji wa Dodoma kwa barabara ya Iringa. Binti yetu wa pili, aliyemaliza shahada ya uhandisi mwaka jana, amepata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili katika jiji la Harbin, nchini China, na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa Septemba. Ufadhili unalipa ada, chumba na posho ya kila mwezi, lakini nauli na mavazi ni juu yetu sisi wazazi. Nauli tumeshaipata kwa jasho. Lililobaki, na ndilo linalotukosesha usingizi, ni koti.

Baridi tunayoijua sisi ni hii ya kipupwe, ya Juni na Julai, ambapo mtu huvaa sweta alfajiri na kulivua saa nne. Shemeji yangu, aliyewahi kuishi Ulaya, ametuambia kwamba huko anakokwenda binti maji ya mtoni hugeuka jiwe na magari yanapita juu yake, na kwamba asipokuwa na koti la maana hatamaliza mwezi. Mama yake aliposikia hayo hakulala. Kesho yake tulikwenda mjini, katika duka la nguo ambalo sitalitaja, tukaonyeshwa koti jeusi, zito kama gunia la mpunga, lenye manyoya kuzunguka kofia, linaloishia kiunoni. Muuzaji alituhakikishia kwamba linahimili nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndani yake limeandikwa kuwa ni poliesta kwa asilimia 100. Bei ni shilingi 620,000. Tulilipa kianzio cha shilingi 100,000 ili lisiuzwe, na tumepewa hadi mwisho wa mwezi kumalizia.

Fedha taslimu niliyobakiza ni shilingi 400,000. Zabibu za msimu huu tutazivuna Agosti na Septemba, na malipo yake hayaji siku ya kuvuna. Mama yake anataka akope kwenye kikoba, kwa riba ya asilimia 10, ili tumalizie koti na kununua mengineyo. Mimi nilipendekeza tutafute mitumba pale Sabasaba, ambako niliona majaketi mazuri ya shilingi 20,000 hadi 45,000, lakini mama yake ameniambia kwamba mtoto wa kwanza katika ukoo kwenda ng'ambo hawezi kwenda na nguo iliyovaliwa na mtu tusiyemjua. Tumekuwa tukizungumza jambo hili kwa wiki mbili sasa, na wakati mwingine hatuzungumzi kabisa. Naomba utuambie: tumalizie lile koti, au tufanyeje?

Mzazi wa Mpunguzi

MAJIBU

Mzee wangu, shikamoo, na hongereni ninyi na mama kwa binti. Nitaanza na jibu lenyewe: msimalizie koti lile, na mama asikope. Binti anahitaji koti kubwa kweli kweli, wala shemeji yako hakutia chumvi alipozungumzia mto, kwa kuwa Mto Songhua unaopita Harbin huganda kila mwaka. Ila koti hilo si la kununuliwa Dodoma, na si la kununuliwa mwezi huu.

Tuanze na baridi yenyewe, kwa sababu hofu isiyopimwa ndiyo inayowafanya watu walipe bei yoyote wanayotajiwa. Harbin ni makao makuu ya mkoa wa Heilongjiang, kwenye pembe ya China inayopakana na Urusi. Wastani wa mwezi wa Januari ni kama nyuzi 17 chini ya sifuri, na usiku wa kawaida wa mwezi huo hushuka hadi karibu nyuzi 23 chini ya sifuri. Upepo ukivuma, mwili hupoteza joto kwa haraka zaidi, kiasi kwamba nyuzi 10 chini ya sifuri zenye upepo wa kilomita 30 kwa saa humfikia mtu usoni kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi ya kuheshimiwa. Lakini binti hatashuka kwenye ndege akaikuta uwanjani ikimsubiri. Mwanzoni mwa Septemba mchana wa Harbin hauachani sana na kipupwe chetu; Oktoba hupoa kwa kasi; Novemba wastani huwa tayari uko chini ya sifuri; na baridi ile ya kuogopesha hasa ni ya Desemba hadi Februari. Kati ya siku atakayofika na siku atakayohitaji koti kubwa kuna wiki sita au zaidi, na wiki hizo ni mali yenu.

Jambo la pili ambalo shemeji hakulisema ni kwamba majengo ya huko yana joto. Jiji la Harbin hupasha majengo yake kwa maji ya moto yanayopita kwenye mabomba, kuanzia tarehe 20 Oktoba hadi tarehe 20 Aprili, na ndani ya bweni au darasa mtu huweza kukaa na fulana. Kwa hiyo binti hataishi ndani ya koti usiku na mchana. Atalivaa kutoka bwenini hadi darasani, atasimama nalo kituo cha basi, kisha atalivua. Mtu anayetoka kwenye chumba cha nyuzi 20 na kuingia kwenye hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri anahitaji mavazi ya kuongeza na kupunguza kwa urahisi, si gamba moja nene la kumtoa jasho ndani na kumgandisha nje jasho hilo likipoa.

Sasa koti lenyewe. Ulipolieleza kuwa zito kama gunia, nilielewa kwamba uzito ule ulikushawishi, na wengi hushawishika hivyo. Koti halina joto, kama vile chupa ya chai isivyo na moto. Joto ni la mwili, na kazi ya koti ni kulizuia lisitoke. Kinacholizuia ni hewa iliyotulia, iliyonaswa katikati ya nyuzi au manyoya ili isiweze kutembea. Mtazame kuku wako alfajiri ya Julai: hujivimbisha hadi akafanana na mpira, lakini uzito wake haujaongezeka hata gramu moja. Amenasa hewa. Koti zuri la baridi kali hufanya hivyo hivyo, ndiyo maana la manyoya ya bata huwa limetuna kama mto wa kulalia na bado unaweza kulinyanyua kwa kidole. Koti zito lililobanana kama godoro la zamani limejaa kitambaa, na hewa ndani yake ni haba.

Kujaza koti kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni manyoya laini ya kifuani mwa bata au bata bukini, yale yasiyo na kijiti katikati. Hayo hunasa hewa nyingi kwa uzito mdogo kuliko kitu kingine chochote cha kawaida, ila yakilowa hushikana na kupoteza kazi yake hadi yakauke. Ya pili ni nyuzi za poliesta, ambazo ni nzito zaidi kwa joto lile lile lakini hustahimili unyevu na gharama yake ni ndogo. Mtu anayekwenda Manchester, kwenye mvua ya rasharasha isiyoisha, ningemwambia achukue poliesta yenye kitambaa kisichopitisha maji. Harbin ni kinyume. Baridi ikifikia kiwango kile hewa huwa kavu, na theluji huwa kama unga unaokung'utika begani bila kulowesha nguo. Huko manyoya ya bata ndiyo mahali pake, na kitambaa cha gharama cha kuzuia mvua hakina kazi kubwa.

Koti mliloonyeshwa ni la poliesta. Hilo peke yake si kosa, ila bei ya shilingi 620,000 kwa poliesta ni bei ya urembo. Linaishia kiunoni, na binti atakayesimama kituoni mwezi Januari anataka koti linalofunika mapaja, likikaribia magoti. Manyoya kuzunguka kofia yana kazi, maana huvunja upepo usiupige uso, lakini ya bandia hufanya kazi hiyo vizuri tu, na hayastahili kupandisha bei kiasi hicho. Kuhusu zile nyuzi 40 chini ya sifuri, mngemuuliza muuzaji kwa mtu anayefanya nini: anayetembea haraka, au aliyesimama? Kwa saa moja, au dakika tano? Akiwa amevaa nini ndani? Namba isiyojibu maswali hayo ni maneno ya dukani.

Kisha kuna jambo ambalo nilipolifikiria nilicheka peke yangu, mzee wangu, na naomba unisamehe. China ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa manyoya ya bata, na sehemu kubwa ya majaketi mapya yanayouzwa madukani kwetu yameshonwa huko huko. Huenda koti lile lilitoka China kwa meli, likashushwa Dar es Salaam, likapita Kariakoo, likapanda hadi Dodoma, na kila aliyelishika akaongeza chake. Sasa mnataka kulipa gharama zote hizo ili binti alirudishe China kwa ndege, ndani ya mizigo ambayo mashirika mengi huipimia kilo 23 kwa begi.

Ninachopendekeza ni kuigawa kazi hii sehemu mbili, ya huku na ya kule.

Ya huku ni nguo za ndani na jaketi la kati, la kumvusha Septemba hadi Novemba. Hapa Sabasaba panawatosha kabisa. Tengeni shilingi 120,000: jaketi moja zuri, masweta mawili ambayo moja liwe la sufu, taitsi nene mbili na fulana za mikono mirefu zisizo za pamba tupu, kwa kuwa pamba hushika jasho na kukaa nalo. Sufu ni bidhaa ambayo wauzaji wetu wengi hawaijui thamani yake, kwa sababu Dodoma haina wateja wake. Ina uwezo wa kunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa, na sweta la sufu halisi unaweza kulikuta kwenye rundo moja na masweta ya nailoni, kwa bei ile ile. Soma lebo iliyo kwenye mshono wa pembeni au shingoni, utafute neno la Kiingereza wool, na asilimia yake iwe zaidi ya 70.

Nendeni mapema siku ya kufungua robota, na mwende na binti mwenyewe. Kila jaketi mnalolipenda lifanyieni mambo machache. Likunjeni, mlibane kwa mikono yote miwili kama mnayekamua nguo, kisha mliachie: likitutumka na kurudi umbo lake, bado lina uhai, likibaki limesinyaa, kimbieni. Linyosheni dhidi ya jua mtazame kama kuna sehemu zinazopitisha mwanga, maana hapo kilichojazwa ndani kimehama na upepo utapita. Wekeni kitambaa mdomoni mpulize. Pumzi ikitokea upande wa pili kwa urahisi, upepo nao hautazuiwa. Papaseni kwapani na kwenye vifundo vya mikono, ambako nguo huchakaa kwanza. Nuseni ndani ya shingo, kwa kuwa harufu ya ukungu iliyoingia kwenye manyoya haitoki kirahisi kwa kufua. Zipu ikiwa mbovu msiogope sana, maana fundi cherehani ataibadilisha kwa gharama ndogo, na mkilionyesha tatizo hilo kwa muuzaji litawapunguzia bei. Mwisho mwacheni binti alijaribu akiwa amevaa sweta ndani, ainue mikono juu, achuchumae, ajikumbatie. Likimbana, hewa yote tuliyoizungumzia imefinywa, na joto limekwenda nayo.

Ya kule ni koti kubwa, ambalo binti atalinunua mwenyewe katika nusu ya pili ya Oktoba. Fedha zinazobaki kwenye zile 400,000 zako, yaani 280,000, zisiguswe kwa jambo lingine; abadilishiwe yuan na zikae kwenye bahasha yake ya koti. Wachina wana msimu mkubwa wa punguzo la bei wa tarehe 11 Novemba, ulioanza mwaka 2009, na siku hizi punguzo huanza wiki kadhaa kabla ya tarehe yenyewe, wakati ule ule ambao Harbin inaanza kuuma. Aende dukani kwanza na mwenyeji, yaani mwanafunzi Mtanzania au Mwafrika mwingine aliyemtangulia, ajaribu vipimo, kisha alinganishe na bei za mtandaoni. Tena hata kabla hajaondoka, awatafute wanafunzi wa chuo hicho na kuwauliza kama kuna koti lililoachwa. Wanaohitimu huondoka kati ya Juni na Julai, na hakuna anayerudi Tanga au Mtwara na koti la Harbin. Akilipata, zile 280,000 ziende kwenye buti, kwa kuwa miguu inayosimama juu ya barafu huganda hata kama kifua kina moto.

Akiwa anachagua, atafute neno yurong, ndilo jina la Kichina la manyoya laini ya bata. Lebo ya koti la huko humweleza mambo mawili yanayofaa kusomwa pamoja: asilimia ya manyoya laini, na uzito wa manyoya hayo kwa gramu. Asilimia 80 au 90 ni nzuri, lakini koti lenye asilimia 90 na gramu 80 tu ni koti la Oktoba. Kwa koti refu la Januari ya Harbin atafute gramu 200 hivi au zaidi. Wengine huandika pia namba kama 550, 650 au 800, ambayo hupima jinsi manyoya yanavyotuna, yaani inchi za ujazo ambazo wakia moja ya manyoya, kama gramu 28, hujaza. 600 inamtosha. 800 ni ya wanaopanda milima na kuhesabu kila gramu mgongoni, nayo hupandisha bei bila kumfaidi mtu anayekwenda maktaba. Aangalie pia kama koti lina kifuniko cha kitambaa nyuma ya zipu, kofia inayokazwa kwa kamba, na ncha za ndani za mikono ya koti zinazobana kwenye vifundo. Hayo ni madogo kwa macho, lakini hewa yote aliyoinunua hutorokea hapo yasipokuwepo.

Nije kwenye kianzio. Shilingi 100,000 inauma, na ndiyo inayowavuta mlipe 520,000 nyingine ili ile ya kwanza isipotee. Rudini dukani na risiti yenu, mkiwa wawili, kwa upole, wala msidai kurudishiwa taslimu kwanza. Ombeni wawape bidhaa za thamani hiyo: begi kubwa la safari, glavu, soksi nene, na skafu. Mfanyabiashara ambaye koti lake litabaki mkononi mwake katika mji kama Dodoma anajua kwamba wanunuzi wa koti la namna ile hawapishani mlangoni, lakini pia anajua kuwa begi atawauzia kwa faida yake ya kawaida. Nafikiri atakubali. Akikataa katakata, mzee wangu, hesabuni kwamba mmepoteza laki moja na mmeokoa laki tano, na riba ya kikoba juu yake.

Kuhusu mama, sitamlaumu, na wewe pia usimwambie kwamba nimekupa ushindi. Anachokililia si koti. Anataka binti afike ugenini akiwa amevikwa na wazazi wake. Hilo ni haki, na lina njia yake. Mpe yeye kazi ya kuchagua sweta la sufu na kulifua kwa mkono, kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, bila kulikamua kwa kulipinda, na alianike kivulini likiwa limelazwa, kwa sababu jua letu la Dodoma na kamba ya kuanikia vitalivuta hadi lifike magotini. Jaketi nalo lifuliwe hivyo hivyo, lakini likikauka mlipige pige kwa viganja mara kwa mara ili kilichojazwa ndani kisigande vipande, na pasi isiliguse kamwe. Zipu ikiwa ngumu, isugueni kwa kipande cha mshumaa. Siku ya safari binti alivae jaketi hilo mwilini badala ya kulipakia, kwa kuwa mizani ya uwanja wa ndege hupima begi tu, na ndani ya ndege usiku kuna ubaridi wa kutosha kuanza kulizoea.